Gari linachemsha kwenye mchanga na vilima, lami halina shida. Nianzie wapi bila kununua rejeta mpya?

Mchangani_Polepole

Wakuu, naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela.

Nina gari la dizeli la zamani, silinda sita, lita 4.2, halina tabo (turbo). Mbele nimelifunga bampa ya chuma, winchi na taa mbili kubwa za duara. Kwenye lami linakwenda mchana kutwa bila neno. Shida ni nikiingia mchanga laini au kilima cha mawe: gia ndogo, mwendo wa mtu anayetembea, kiyoyozi kimewashwa. Baada ya robo saa hivi joto linaanza kupanda. Nikitoka hapo nikapata tambarare na kukimbiza kidogo, linashuka lenyewe.

Mshale wa dashibodi siutegemei, maana unakaa katikati muda wote halafu unaruka ghafla wakati mambo yameshaharibika. Nilifunga geji ya tarakimu, kihisio chake kiko kwenye mpira wa juu wa rejeta. Kwenye lami inasoma nyuzi 86 hadi 88. Kilima cha mwisho nilisimama ilipofika 107. Maji hayakumwagika, lakini nilikaa pale kwenye kivuli cha mlango nikiwaza silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, isije ikaharibika kwa joto. Gari hili ndilo linabeba familia yangu sehemu ambazo hapiti mtu wa kutuvuta.

Nimeshauriwa mambo matatu: rejeta ya alumini nene, kung'oa thamostati (vali inayofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta yakipata moto), au kutoa feni ya asili niweke feni mbili za umeme. La kwanza hela yake sina. Mawili yaliyobaki yananitia hofu. Mnasemaje?

Kibanda_cha_Nyuma

Ng'oa thamostati mkuu. Mimi ya kwangu niliitoa zamani na gari halijawahi kuchemsha.

Fundi_Mstaafu

Mwenye gari, thamostati usiiguse kwanza. Na wewe Kibanda, gari lako huenda linavumilia, ila ushauri huo umeua injini nyingi nilizoletewa.

Injini nyingi zina njia ya mkato ya maji, yaani baipasi. Injini ikiwa ya baridi maji yanazunguka humo humo ndani. Thamostati ikifunguka, sahani yake ya nyuma inaziba ile njia ya mkato ili maji yapite kwenye rejeta. Ukiing'oa, baipasi inabaki wazi saa zote na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupozwa. Ulitaka kupunguza joto, umeliongeza. Na injini ambayo haina mpangilio huo itachelewa kupata moto kila asubuhi, dizeli haiungui sawasawa, silinda zinalika. Kama huiamini iliyomo, itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, weka jikoni, uone kama inaanza kufunguka kwenye nyuzi zilizogongwa juu yake na kama inafunguka mpaka mwisho. Mbovu inabadilishwa kwa nyingine ya nyuzi zile zile.

Sasa sikiliza maelezo yako mwenyewe. Gari linalochemsha kwenye kasi, mzigo ukiwa mkubwa, mara nyingi lina shida ya maji: rejeta imeziba ndani, pampu ya maji mapanga yake yamelika, au mpira wa chini unanywea ukivutwa na pampu. Gari linalochemsha likitambaa na kupoa likikimbia, shida yake ni upepo. Kwenye kasi gari lenyewe linausukuma upepo ndani ya rejeta. Kwenye mchanga hakuna wa kuusukuma ila feni, kwa hiyo anza na feni.

Feni yako bila shaka ina klachi yenye mafuta ya silikoni ndani. Mbele yake kuna chuma kidogo kilichojikunja kinachohisi joto linalotoka kwenye rejeta, kikipata moto kinafungua njia ya mafuta na feni inashika. Mafuta yakivuja au yakichoka, feni inazunguka kivivu na wewe hutajua, kwa sababu ukiitazama unaiona inazunguka. Ipime hivi: injini ikiwa ya moto sana, mtu mmoja azime, mwingine atazame mapanga akiwa amesimama mbali. Klachi nzima inasimama karibu sawa na injini. Iliyochoka inaendelea kujizungusha. Klachi nyingine zina skrubu na zinafunguliwa zikaongezwa mafuta ya silikoni, kazi ya mchana mmoja na gharama ndogo. Zilizofungwa kiwandani ni za kubadilisha.

Halafu tazama kava inayozunguka feni. Imepasuka? Kuna fundi aliitoa akaiacha pembeni? Bila kava, feni inavuta hewa ile ile ya moto iliyoko kwenye injini badala ya kuivuta kupitia rejeta. Mapanga yanatakiwa yawe karibu nusu ndani ya kava na nusu nje.

Jambo moja la kuondoa wasiwasi kabla ya yote. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi kabisa, washa na ushike mpira wa juu. Ukiwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata moto, hiyo ni gesi ya silinda inaingia kwenye maji, gasketi ya hedi imeshaondoka. Hapo hakuna feni wala rejeta itakayokusaidia.

Dada_wa_Majabali

Nakazia hilo la upepo, halafu niongeze la nje.

Mchangani, toa hizo taa mbili uone. Za kwangu zilikuwa mbele kabisa ya grili. Nilizihamishia juu ya paa na tofauti niliiona kilima kile kile, siku ile ile. Winchi ukiweza ishushe kidogo.

Pili, tazama nafasi kati ya kondensa ya kiyoyozi, ile inayofanana na rejeta ndogo mbele yake, na rejeta yenyewe. Kwangu kulikuwa na godoro la mbegu za nyasi, vumbi na tope lililokauka, na kutoka mbele huwezi kuliona. Legeza kondensa usogeze, kisha osha kwa maji ya mpira wa kawaida ukipiga kutoka upande wa injini kwenda nje. Mashine ya presha usiisogeze karibu, inalaza mapezi, vile vibati vyembamba vya rejeta, na hewa haipiti tena.

Tatu, ziba matundu yote ya pembeni ya rejeta, juu na chini, kwa vipande vya sponji ngumu. Hewa hufuata njia rahisi. Ikipata uwazi wa vidole viwili pembeni, haina sababu ya kuhangaika kupita kwenye mapezi.

Feni za umeme mimi nilijaribu nikarudisha ya asili. Feni kubwa ya mkanda kwenye injini kama yako inavuta hewa nyingi ambayo feni mbili za bei nafuu haziifikii, na alteneta inayozalisha umeme wa gari nayo inaelemewa. Faida yake niliiona sehemu moja tu, kwenye kuvuka mito, kwa sababu unazizima. Feni ya asili ikiingia maji mengi mapanga yanaweza kupinda kwenda mbele yakachana rejeta. Siku hizi kabla ya maji marefu nafunga turubai mbele ya grili na kupita taratibu bila kusimama.

Mchangani_Polepole

Asanteni sana. Swali: wengine wanainua boneti upande wa nyuma kwa kuweka washa (vipete vya chuma) kwenye bawaba ili moto utoke. Inasaidia?

Fundi_Mstaafu

Ukitambaa, ndiyo, moto unatoka. Ukikimbia, chini ya kioo cha mbele upepo unajikusanya na unaweza kuingia kinyume chini ya boneti, ukapunguza ule unaopita kwenye rejeta. Utakuwa umetibu mchanga ukaumiza lami.

Na ubadilishe kofia ya rejeta, watu wanaidharau. Kofia ya 0.9 bar ikiwa nzima inafanya maji matupu yachemke karibu nyuzi 118 usawa wa bahari badala ya 100. Raba yake ikichoka, hiyo 107 yako inakuwa maji yanayotokota. Weka kulanti (dawa ya maji ya kupozea injini) iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, ya bomba yanaacha chumvi ndani ya mirija. Usifungue kofia injini ikiwa ya moto hata kama una haraka ya kufa mtu.

Mchangani_Polepole

Nimerudi baada ya wiki mbili.

Mpira wa juu asubuhi ulikuwa laini, nikapumua. Thamostati imefunguka vizuri kwenye sufuria, nimeirudisha. Klachi ya feni ilikuwa imekufa: nilipozima injini mapanga yaliendelea kuzunguka mpaka nikaanza kuyahesabu. Yangu ina skrubu, tumeifungua, tukaongeza silikoni. Kava ilikuwa na ufa mrefu upande wa chini, nimeushona kwa waya na kuuziba. Kati ya kondensa na rejeta nimetoa uchafu wa kujaza kofia ya kichwani. Taa zimehama, sponji zimewekwa, kofia ya rejeta ni mpya.

Jumamosi nimerudi kwenye kilima kile kile, mzigo ule ule, kiyoyozi kimewashwa. Nilianza kusikia feni inanguruma geji ilipofika 93, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwenye gari hili tangu nilinunue. Ikapanda hadi 97, ikasimama hapo mpaka juu.

Kibanda, nakushukuru pia kwa kujibu wa kwanza. Naomba nawe uipime baipasi yako.

Fundi_Mstaafu

Vizuri sana. Kimebaki kimoja, nacho ni cha bei ndogo: kengele ya maji kupungua. Kihisio chako kiko kwenye mpira. Mpira ukipasuka na maji yote yakaondoka, kitakuwa kinapima hewa na kusoma chini wakati hedi inaungua. Funga kihisio cha pili cha kugusa chuma, kwenye boliti ya silinda hedi yenyewe.

Mchangani_Polepole

Hilo sikulijua. Nakifunga kabla ya safari ijayo.