Ulinganisho: Runx ya mbio za mita 402, nianze na springi, koilova au mauntingi?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Nina Toyota Runx yenye injini ya 2ZZ na gia za mkono, ambayo ninaiandaa kwa mbio fupi za mita 402 katika uwanja wenye ruhusa, si kwa barabara ya Bagamoyo usiku wa manane. Tatizo langu ni kuondoka. Nikiachia klachi injini ikiwa kwenye mizunguko 4,500, pua inanyanyuka, tairi la kushoto linazunguka bure, na gari linadunda mbele mfululizo hadi vioo vya pembeni vinatikisika nisione kilichomo ndani yake. Fedha yangu inatosha jambo moja kubwa tu: springi fupi na ngumu pande zote, seti nzima ya koilova (shokapu na springi zilizounganishwa, zinazorekebishika), au niache springi zilivyo na nibadili bushi, mauntingi za injini (vishikio vya raba vinavyoibeba injini) na tairi. Naomba mzingatie kwamba gari hilihili ndilo linalonipeleka kazini kutoka Tabata hadi Posta.

Fundi wa Gerezani
Mkuu, mimi ningechukua koilova bila kusita. Gari linalovutwa na tairi za mbele ni tofauti na la kusukumwa na za nyuma, kwa sababu likiondoka uzito hukimbilia nyuma na kuziacha nyepesi tairi zilezile zinazofanya kazi. Dawa yake ni nyuma kuwa ngumu ili makalio ya gari yasikae, na shokapu za mbele zikazwe upande wa kurefuka ili pua isipande haraka. Springi fupi peke yake hazikupi nafasi ya kurekebisha hayo mawili kila moja kwa wakati wake.

Mhandisi wa Mbezi
Naomba nimsahihishe fundi kwa heshima, maana hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha. Ugumu wa springi hauzuii uzito kuhamia nyuma. Uzito unaohama hutegemea mchapuko (jinsi mwendo unavyoongezeka kwa haraka), uzito wa gari, kimo cha kitovu cha uzito na umbali kati ya ekseli mbili. Tuchukue gari na dereva kuwa kilo 1,200, kitovu kiwe sentimita 55 kutoka chini, ekseli ziachane mita 2.6 kama za Runx, na mchapuko uwe nusu ya ule wa mvutano wa dunia: kilo zinazohama ni takriban 127. Ukilishusha gari sentimita 3 nzima, zinakuwa 120. Umelipia springi nne ili tairi za mbele zipate kilo 7, na sehemu ya kilo hizo ungeipata kwa kutoa tu tairi la akiba na jeki kwenye buti, kwa kuwa mzigo ulio nyuma ya ekseli ya nyuma huinua pua kama mzani.

Nyuma kuwa ngumu kunasaidia, sikatai, lakini kwa sababu nyingine. Gari likikaa nyuma, shokapu za mbele hurefuka, pembe za tairi na za shafti hubadilika, na shokapu ikifika mwisho wa urefu wake hulinyang'anya tairi uzito ghafla. Kuhusu kukaza kurefuka kwa mbele, uangalifu unahitajika: ukizidisha, shokapu italishika tairi juu wakati lami imeshuka kidogo, na tairi lisilogusa lami vizuri halivuti kitu.

Dereva wa Starlet
Nami niseme yaliyonipata na Starlet Turbo yangu. Nilikata springi kwa grenda, mizunguko miwili kila kona, na kwa wiki moja nilijiona bingwa. Kisha shokapu za nyuma zikaanza kugonga raba zake za mwisho kwenye kila tuta, na kwenye mbio gari likawa linaruka kama mpira badala ya kwenda. Springi iliyokatwa ikibaki fupi kuliko nafasi yake inaweza hata kuchomoka kwenye kikombe tairi likining'inia. Usithubutu, hasa kwa gari la kupita kwenye mashimo ya masika.

Mhandisi wa Mbezi
Ahsante. Nimrudie mleta mada: huko kudunda ulikokueleza si kwa springi. Msukumo wa injini hukuzwa zaidi ya mara kumi na gia ya kwanza pamoja na difu (gia zinazogawa msukumo kwa tairi mbili), na injini iliyolala kwa upana hujaribu kujipindua kwenda nyuma. Mauntingi ikiwa imechoka, injini hupinduka, tairi hushika, injini hurudi, tairi huteleza, na mchezo huo hujirudia mara nyingi kwa sekunde. Kagua mauntingi na bushi za wishiboni (mikono ya chini inayoshikilia tairi za mbele) kwanza. Kisha tairi laini zaidi mbele, upepo upunguzwe kidogo kidogo kutoka 32, nyuma uongezwe, na kwenye alaimenti tairi za mbele zisiinamie ndani kupita kiasi, kwa kuwa unakwenda moja kwa moja na unahitaji uso wote wa tairi uguse chini.

Fundi wa Gerezani
Kwenye mauntingi nakubali, na ningepaswa kuuliza hali yake kabla ya kutaja koilova. Ila mkuu, usiweke za chuma wala za plastiki ngumu kwenye gari la kwenda kazini, kwani ukiwa umesimama kwenye foleni ya Buguruni usukani utakutetemesha meno. Raba ngumu kiasi inatosha.

Mleta mada
Nimerudi baada ya wiki mbili. Mauntingi ya nyuma ya injini ilikuwa imepasuka kiasi cha bisibisi kupita katikati ya raba, na bushi moja ya wishiboni ilitoka vipande vipande mkononi mwa fundi. Nimebadilisha zote, nikatoa tairi la akiba, nikaweka upepo 26 mbele na 38 nyuma. Zamani alama niliyoiacha kwenye lami ilikuwa ya vipande vipande kama mshono. Safari hii ni mstari mmoja usiokatika, na kudunda hakupo kabisa. Lakini ni mstari wa kushoto tu. Wa kulia hauonekani hata ukiinama.

Dereva wa Starlet
Hiyo ni difu ya kawaida, mkuu. Tairi moja likishaanza kuteleza, la pili halipati msukumo kuzidi lile linaloteleza, hata ungefunga koilova za aina gani.

Mleta mada
Basi shokapu za nyuma zitasubiri. Mwenye kujua inakopatikana difu yenye loki ya kuingia kwenye gia boksi hii ya gia sita, iliyotumika lakini nzima, naomba aniandikie hapahapa, na aseme kama ilikuja na shafti zake.