Alamu inajiseti na kufunga milango yenyewe, naizuiaje?

Mwenye_Swali
Wakuu, nina alamu ya kufungiwa, si ya kiwandani. Nikizima gari na kushuka, kitaa chekundu kinapepesa haraka, kisha inajiseti na kufunga milango. Naogopa ufunguo kubaki ndani. Wakati mwingine haijiseti kabisa. Na kuna wakati nikifungua kwa rimoti inajifunga tena bila kuguswa. Ni ugonjwa mmoja au?

WayaMweusi
Ni mambo matatu, mkuu, na mawili kati yake si ugonjwa.

Kujiseti: swichi ya kuwashia gari ikizimwa na mlango wa mwisho ukafungwa, alamu nyingi huhesabu sekunde 30. Ukifungua mlango katikati, hesabu inasimama, na ukiufunga inaanza upya. Kufunga loki ni mpangilio mwingine kabisa, na kwa kawaida unaweza kuuzima peke yake. Ningeacha alamu ijiseti, nikazima loki tu. Stata inabaki imekatwa, yaani gari haliwaki, na mlango ukifunguliwa king'ora kinalia, ila milango haijifungi mpaka ubonyeze rimoti.

Kujifunga tena ni kitu tofauti. Ukifungua kwa rimoti na mlango usifunguliwe ndani ya sekunde 30 hadi 60, alamu inachukulia kwamba ulibonyeza kwa bahati mbaya. Hapa ndipo watu wanaponaswa: umefungua kwa rimoti, ukaenda moja kwa moja kwenye buti kupakia mizigo, ufunguo ukauweka humo. Kama swichi ya buti haikuunganishwa na alamu, hiyo haihesabiki kuwa mlango. Loki zinajifunga, ukibamiza buti umekwisha.

Mpangilio hubadilishwa kwa kitufe kidogo kilichofichwa chini ya dashibodi. Unawasha na kuzima swichi, unabonyeza kitufe kwa idadi fulani, king'ora kinajibu kwa milio. Idadi hiyo hutofautiana, kwa hiyo soma namba ya modeli kwenye stika ya kisanduku cha alamu, utafute maelekezo yake hasa. Usibonyeze kwa kubahatisha, maana unaweza kuingia sehemu ya kusajili rimoti ukafuta zilizopo. Na kabla hujaanza, shusha kioo cha dereva.

Fundi_Fyuzi
Naongezea kwenye kutojiseti. Kwanza tazama kitaa. Kikiwaka bila kupepesa baada ya kuzima gari, alamu iko kwenye hali ya kulazwa, ile ya kumwachia gari fundi au muosha magari. Itoe huko kwanza.

Kama sivyo, angalia swichi za milango. Fungua mlango, bonyeza kwa kidole pini ya swichi inayobanwa mlango ukifungwa: taa ya ndani izime, ukiachia iwake. Isipozima, alamu inaona mlango uko wazi muda wote. Isipowaka, pini imekwama au skrubu inayoipa athi (muungano na bodi ya gari) imeshika kutu, na alamu nyingi hazianzi kuhesabu mpaka zione mlango umefunguliwa ukafungwa. Msasa laini na kukaza skrubu mara nyingi vinatosha. Usisahau swichi ya boneti, hiyo ndiyo inayokula maji na matope.

Taa yako ya ndani inafifia polepole? Basi alamu inasubiri izime. Ongeza muda wa kusubiri kwenye mipangilio, au waya wa alamu uchukuliwe kwenye swichi ya mlango badala ya kwenye taa.

Mwenye_Swali
Taa inafifia kweli. Na betri ya rimoti ikifa wakati stata imekatwa?

WayaMweusi
Fungua kwa ufunguo, king'ora kitalia, usihangaike. Weka swichi ON, kisha ndani ya sekunde 10 hivi bonyeza kile kitufe kilichofichwa. Zingine zinadai namba ya siri kwa kuhesabu mibonyezo, hivyo ijue mapema. Betri ya rimoti nunua yenye namba ileile: CR2032 ni volti 3, 23A na 27A ni volti 12, hazibadilishani.

Fundi_Fyuzi
Gari likikaa muda mrefu, piga hesabu ya betri kubwa pia. Alamu inayovuta milliampea 20 inakula karibu Ah (ampea-saa) 14 kwa mwezi, na kwa betri ya Ah 45 hiyo ni kama theluthi. Ukichomoa terminali ya betri na king'ora kina betri yake ndani, kitalia papo hapo. Kizime kwanza kwa kifunguo chake cha pembeni.