Kikundi cha ukoo: LUKWIKA JUMAMOSI 🐘

*Ijumaa*

19:04 Shangazi Rukia: Wanaukoo, nakumbusha mara ya mwisho. Kosta inatoka stendi ya Masasi saa 11 alfajiri. Si saa 11 na nusu. Kibali cha TAWA, wale wa wanyamapori, cha kuingia pori la Lukwika ninacho, nimetoa nakala mbili.

19:05 Shangazi Rukia: Fulana zimetoka kwa fundi. Bluu bahari, jina la Bibi mgongoni. Kila mtu avae.

19:31 Shangazi Rukia: Naona mmesoma watu 17. Mbona kimya?

21:40 Ba Mdogo Hamisi: Dada, hilo wingu la upande wa Ruvuma hulioni?

21:41 Shangazi Rukia: Mvua ya Desemba inapita tu.

21:43 Bakari: Hata ufukweni Msimbati ulisema maji yatakupwa 😂

21:43 Salma: 😂😂😂

21:44 Shangazi Rukia: Msimbati tulishaifunga.

21:46 Ba Mdogo Hamisi: Uliifunga wewe. Injini ya Noah yangu haijaifunga.

21:50 Shangazi Rukia: Tuongee ya kesho. Mama Shamimu wali na kuku. Salma maji katoni 4. Bakari turubai.

22:15 Bakari: Lile la kuanikia korosho? Halina kona moja, panya wamekula.

22:16 Shangazi Rukia: Hilohilo.

*Jumamosi*

05:22 Shangazi Rukia: Nipo stendi. Tupo mimi, dereva na kuku wa Mama Shamimu. Watu wako wapi?

05:58 Salma: Tunakuja Shangazi, mvua imetubana kibarazani

06:40 Shangazi Rukia: Tumepatikana 14 kati ya 22. Tunaondoka.

08:30 Fatu (Dar): Mmefika? Tumeni picha

10:47 Bakari: Tupo ndani ya pori. Mpaka sasa tumeona ngedere wawili, swala mmoja upande wa nyuma tu, na Shangazi akigombana na dereva.

10:48 Shangazi Rukia: Usipotoshe watu. Tumeona na nyayo za tembo.

10:53 Salma: Jamani nyayo ni kweli. Zilizo wazi zimejaa maji, ila kuna mmoja uko chini ya mti, mvua haijaugusa. Upana wa sinia la pilau. Ile mikunjo ya ngozi imejichapa kwenye tope, mstari kwa mstari, kama kisigino cha mtu. Shamimu kaweka mguu wake katikati, umepotea humo. Hataki kurudi garini.

11:02 Fatu (Dar): Na tembo mwenyewe?

11:03 Ba Mdogo Hamisi: Yuko kwake, anaangalia mvua. Ana akili.

11:05 Shangazi Rukia: Askari anasema kiangazi ndiyo hujaa kule Ruvuma. Sasa hivi maji yako kila dimbwi, wametawanyika. Tena wana ushoroba wao, yaani njia yao ya kupita, kutoka Selous mpaka Niassa, wengine sasa hivi wako ng'ambo, Msumbiji.

11:06 Bakari: Kumbe tulitakiwa kuja na pasipoti.

11:06 Shangazi Rukia: Bakari.

11:31 Shangazi Rukia: Mvua imekata! Alhamdulillah. Nilisema mimi.

11:36 Salma: Imekata na mbung'o wamefika!!!

11:38 Bakari: Askari anauliza nani alichagua rangi ya fulana. Mbung'o anafuata bluu na nyeusi, hata mitego yao inashonwa kwa vitambaa hivyo. Sisi hapa ni mitego 14 inayotembea.

11:39 Shangazi Rukia: Fundi alikuwa na bluu tu.

11:41 Mama Shamimu: Wifi, mimi nilisema kaki tangu mwezi wa kumi. Pandisha juu usome.

11:41 Shangazi Rukia: Haya.

12:10 Shangazi Rukia: Kosta imekwama. Tope mpaka ekseli. Msiwe na wasiwasi.

12:12 Shangazi Rukia: Nani ana namba ya mwenye trekta upande wa Mangaka? HARAKA.

12:14 Bakari: [picha: Shangazi anasukuma, kandambili moja mguuni]

12:15 Juma (Lindi): Hii iwekwe picha ya kikundi 😂

12:15 Salma: Na nyingine imemezwa na tope 😂

12:16 Shangazi Rukia: TREKTA jamani

12:40 Babu Newala: Rukia

12:40 Shangazi Rukia: Shikamoo Baba.

12:43 Babu Newala: Korongo mlilovuka asubuhi lilikuwa na maji

12:43 Shangazi Rukia: Ya vifundoni tu Baba.

12:49 Babu Newala: Watoto wavushwe sasa hivi kwa miguu askari atangulie. Gari liacheni. Korongo halijazwi na mvua ya hapo mlipo linajazwa na mvua ya huko juu ambayo hamuioni. Mimi mto Lumesule nimekaa ng'ambo siku mbili na wewe unajua nilikwenda na nani na nilirudi na nani

13:17 Shangazi Rukia: Tumevuka wote. Maji yalikuwa magotini.

13:18 Shangazi Rukia: Dereva kabaki analinda gari.

13:20 Babu Newala: Dereva naye ni mtoto wa watu

13:34 Shangazi Rukia: Kavuka.

16:20 Ba Mdogo Hamisi: Nimepata trekta. Itakwenda kesho maji yakipungua. Anataka 80,000. Nani analipa?

18:45 Fatu (Dar): Poleni jamani, ndiyo nasoma sasa. Watoto wazima?

19:02 Salma: Wazima. Shamimu anasimulia nyayo kama kamwona tembo mwenyewe

19:10 Juma (Lindi): Mimi sikwenda. 45,000 yangu inarudi lini?

19:11 Shangazi Rukia: Hairudi, imeliwa na Kosta. Tunakwenda tena Agosti, makorongo yamekauka. Wanaokubali waandike majina.
1. Rukia
2.

19:30 Ba Mdogo Hamisi: Agosti tuko kwenye mikorosho na salfa. Na trekta?

20:05 Shangazi Rukia: Majina kwanza.

21:30 Bakari: 2. Injini ya Noah

21:52 Salma: Shangazi, sufuria za Mama Shamimu tumeziacha ndani ya Kosta

21:53 Mama Shamimu: Zipi? Zile kubwa?