Mjadala: Majiko mapya yamebuniwa kwa ajili ya nani?

Fundi Karakana: Serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Naunga mkono. Ila jiko la bati lenye kigae ndani, lile lililoanza kuenea Kenya miaka ya 1980, halikumsumbua mama. Mkaa uleule, sufuria ileile, mafundi walewale, joto tu ndilo halipotei ovyo. Je, majiko ya sasa yanatusaidia kuhama hivyo?

Binti wa Muheza: Jiko hilo bado linakula mkaa! Bibi yangu kakohoa miaka yote kwa moshi wa jikoni. Gesi ipo, sufuria ya presha ya umeme ipo, maharage yanaiva chini ya saa moja. Anayeng'ang'ania mkaa leo ni mvivu wa kujifunza.

Mama Lishe: Mvivu nani? Mwanangu, njoo usonge ugali wa watu 30 juu ya mtungi wa gesi wa kilo 6. Sufuria inazunguka, mtungi unayumba, mkono mmoja mwiko, wa pili umeshika kitambaa. Kovu la kuungua ninalo mkononi. Mafiga hayajanifanyia hivyo hata siku moja. Aliyebuni lile jiko dogo la juu ya mtungi hajawahi kusonga.

Kijana wa Temeke: Mama, chukua jiko la gesi la chini lenye fremu ya chuma, mtungi unakaa pembeni na mpira wake. Halitikisiki. Na si mkaa wameshapiga marufuku?

Fundi Karakana: Marufuku ni kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku. Majumbani bado. Turudi kwenye swali.

Mzee wa Pwani: Swali lenyewe ni wali. Wali wa nazi unapaliwa makaa juu ya kifuniko. Kwenye gesi utapalia nini? Ukoko utautoa wapi?

Binti wa Muheza: Watu wanaumwa vifua, wewe unalilia ukoko?

Mzee wa Pwani: Nimekuzidi umri, binti. Chakula cha watu usikidharau. Hivyo ndivyo mnavyotuletea vitu halafu mnashangaa vinawekwa uvunguni.

Binti wa Muheza: Shikamoo mzee wangu, nisamehe kwa kauli. Kwa moshi sirudi nyuma.

Mama Lishe: Marahaba zake atakupa mwenyewe. Mimi hujaniomba radhi kwa ule uvivu. Mkaa nanunua kwa kopo, hela ya leo kwa chakula cha leo. Mtungi unataka hela yote kwa mkupuo.

Kijana wa Temeke: Kuna mitungi yenye mita, unalipia kwa simu kidogo kidogo kama umeme wa LUKU.

Mama Lishe: Hiyo sasa ndiyo akili. Inafika Mbagala?

Mzee wa Pwani: Na ukoko?

Mama Lishe: Mzee, punguza moto mpaka mwisho, bandika sufuria juu ya kikaango kizito, funika, tulia. Ukoko unashika. Juu hapakauki kama kwa makaa, hilo sikudanganyi.