Wamemnyang'anya mhandisi wangu uwezo, sasa wananiuzia uwezo uleule kwenye sanduku la bahati!

Wakuu salaam.

Uzi huu ni wa povu. Anayekuja kuandika "ni gemu tu, si uifute" apite kimya, hiyo nimeshaambiwa na watu ninaowaheshimu kuliko nyie.

Gemu siitaji. Wanaoicheza mtaitambua kabla ya aya hii kuisha: ni ile ya kupanga vito, imetokana na tamthilia ya anga za juu, kuna kapteni mkorofi, rubani, daktari, mhandisi, chombo kikuukuu kinachozimika injini kila kipindi, na jeshi la mashine linalowafukuza sayari hadi sayari. Kila mtu ana rangi yake. Unaburuta kito, vitatu vya rangi moja vikikutana vinavunjika, mwenye rangi hiyo anafyatua. Basi.

Mimi sikuingia kwa ajili ya vito, niliingia kwa ajili ya kisa. Mashabiki mnajua mhandisi alivyopotea mwisho wa msimu wa pili, akarudi katikati ya msimu wa tatu na kovu shingoni, na runingani hakuna aliyewahi kueleza alikuwa wapi. Watengenezaji wa gemu wakatangaza kwamba sura tisa za humu ndizo zitakazoeleza. Nikaipakua siku ileile. Miezi minne sasa. Sura nane nimezimaliza bila kulipa chochote, na niwe mkweli, ni nzuri. Mazungumzo kayaandika mtu anayewajua wale wahusika, daktari anatukana vilevile kama kwenye tamthilia. Kuna leveli sura ya sita taa za chombo zimekatika, unacheza gizani, unaona safu mbili tu za vito. Nilipoivuka nilipiga kelele peke yangu chumbani.

Sasa sikilizeni kilichonileta.

Leveli ya mwisho ya sura ya tisa, bosi (adui mkuu wa kumaliza naye) ni meli mama ya mashine. Ana ngao. Ngao haivunjiki mpaka uvunje mafungu mawili ya vito vya bluu ndani ya zamu moja, na kila baada ya zamu chache anaivaa upya. Una zamu 20, zikiisha injini inalipuka. Ubao una nafasi 30, rangi ni sita. Pigeni hesabu wenyewe: kwa wastani kila rangi inapata vito vitano. Yeye anataka sita vya bluu, kwa mkupuo. Maana yake zaidi ya nusu ya zamu zako hata uwe na vidole vya dhahabu huwezi kumgusa, kwa sababu vito vyenyewe ubaoni havipo.

Hapo ndipo mhandisi anapoingia. Uwezo wake ni kugeuza vito vyote vya kijani kuwa vya bluu. Tangu sura ya pili uwezo huo ulikuwa unajaa kila baada ya zamu 4. Ndani ya zamu 20 unamtumia mara tano. Leveli ile ilijengwa juu yake, mtu yeyote mwenye macho anaona. Kisa ni chake, bosi ni wake, ufunguo ni yeye. Kwa hiyo nilimlea huyo mama kama yai. Miezi miwili nzima vifaa vyangu vyote vilikwenda kwake. Rubani wangu mpaka leo yuko leveli 12, aibu tupu.

Nikafika kwa bosi. Jaribio la kwanza nikamwachia asilimia kama 30 za uhai. La tatu, 11. Nikasema kesho huyu anakufa. Kesho yake kukaja sasisho.

Maelezo ya sasisho yalikuwa na mistari sita. Wa tano ulisema: "Tumerekebisha mizani ya baadhi ya wahusika." Hakuna majina. Nikaingia vitani, zamu ya nne nikabonyeza picha yake, haiwaki. Nikajua simu imeganda. Nikabonyeza tena. Nikafungua kadi yake: kila baada ya zamu 9.

Tisa! Zamu 20 gawa kwa 9, mara mbili tu. Zamu ya 9 na zamu ya 18. Katikati hapo nakaa na mwanamke wa leveli 60 anayenitazama tu.

Hapo nilikasirika kiasi, nikasema labda kweli alikuwa na nguvu kupita kiasi, mizani ni mizani. Zikapita siku tano. Likafunguliwa sanduku jipya la bahati (unatoa almasi, unavuta mhusika bila kujua utampata nani), na picha ya mbele ni nani? Mhandisi. Mwanamke yuleyule, sauti ileile, kovu lilelile, wamembadilisha koti tu na kumfunga nywele. "Mhandisi wa Nyota Nyeusi." Uwezo: kugeuza vito vya kijani kuwa vya bluu. Kila baada ya zamu 4.

Wakuu, hii si mizani. Huku ni kumvua mtu shati lake usiku na asubuhi kumtembezea alinunue.

Nilikuwa nimeweka almasi tangu siku ya kwanza, zile za bure za kumaliza leveli. Nikazimwaga zote. Uwezekano wa kumpata umeandikwa pale chini kwa herufi za sisimizi, 1%. (Wameuandika kwa sababu Apple tangu Desemba 2017 inawalazimisha, msidhani ni uungwana.) Kuna mtu atakuja kusema 1% maana yake ukivuta mara 100 umempata. Hapana ndugu yangu. Ukivuta mara 100 kwa 1%, uwezekano wa kutoka mikono mitupu bado ni karibu 37%. Sanduku halikumbuki kwamba lilikunyima mara 99, kila mvuto unaanza upya. Mimi nimevuta mara 140. Kati ya watu wanne waliovuta idadi hiyo, mmoja hivi anatoka kapa. Ndiye mimi. Nilichopata ni rubani mara 17. Rubani! Yule wa leveli 12.

Mwaka 2018 Ubelgiji ilichunguza masanduku ya kulipia kwenye gemu kadhaa ikasema ni kamari. Nilipoisoma habari hiyo wakati ule niliona wanazidisha. Leo nawaomba radhi kimoyomoyo.

Na nishati je? Jaribio moja la bosi linakula nishati 40. Tangi linabeba 80. Nishati moja inarudi kila dakika 6. Kwa hiyo kila nikishindwa nasubiri saa nne ili nishindwe tena. Candy Crush ya 2012, ambayo tuliitukana weee, uhai mmoja ulirudi kwa nusu saa. Kuna siku nimetega kengele saa tisa usiku ili tangi lisijae bure. Nimeamka, nimekaa kitandani, nimecheza, nimepigwa, nimelala. Sijisifu, naeleza tu nilipofikishwa.

Usiku huo ndio ulioniuma zaidi. Zamu ya 18, mhandisi amewaka, nikageuza kijani, ubao ukawa bluu tupu. Ngao chini. Zamu ya 19 rubani wangu mbovu akatoa mchango wa maisha yake. Zamu ya 20 nilihitaji fungu moja tu la nyekundu. Nyekundu zilikuwa mbili kando ya ukuta wa kushoto, ya tatu pembe ya chini kulia. Nikaiburuta ubao mzima, kidole kinatetemeka, nikiwa nimebakiza nafasi moja muda wa kuburuta ukaisha, kito kikadondoka kando. Bosi amebaki na asilimia 3. Skrini ikawa nyekundu, kapteni anapiga kelele injini inalipuka, halafu kila kitu kikasimama na kidirisha kizuri cha bluu kikafunguka taratibu: "Usikate tamaa, Kapteni! Ongeza zamu 5 kwa almasi 30." Nilikuwa na almasi 4.

Nimecheza gemu hizi tangu Bejeweled ya 2001, ubao wa nane kwa nane. Ile ilikuwa inakuua vizuri tu: hakuna mahali pa kusogeza, mchezo umekwisha, anza upya sasa hivi. Haikuwahi kuninong'oneza sikioni saa tisa usiku.

Nimewaandikia huduma kwa wateja mara tatu. Majibu yote matatu yanaanza "Asante kwa ujumbe wako, Kapteni!" La kwanza lilinishauri nizime simu niwashe. La pili lilinishauri nisome maelezo ya sasisho. La tatu lilikuwa tangazo la sanduku.

Nisichotaka kwenye uzi huu: kuambiwa ninunue. Nisichotaka zaidi: mtu kuniwekea kisa hapa. Najua video za mwisho wa sura ya tisa zipo, nimezikwepa wiki tatu, naomba mniheshimu kwa hilo. Ninachotaka ni mtu yeyote aliyempita bosi BAADA ya sasisho, bila yule wa koti jipya, aweke kikosi chake.

NYONGEZA: Mdau wa tatu hapo chini, nimejaribu kikosi chako cha madaktari wawili. Nimeishi vizuri sana, zamu zote 20, afya tele. Ngao sikuivunja hata mara moja.

NYONGEZA 2: Kuna mtu ananiita muongo, anasema mhandisi alikuwa zamu 9 tangu mwanzo. Bwana mdogo, umeanza lini kucheza? Wakongwe mpo humu, mtetee ukweli. Mwenye picha ya skrini ya kadi yake ya zamani, ile iliyoandikwa zamu 4, aiweke nimwonyeshe huyu kijana. Yangu nilikuwa nayo. Niliifuta pamoja na picha nyingine nyingi ili simu ipate nafasi ya kupakua lile sasisho.