Naombeni ushauri: insha yangu ya Ulaya baada ya Roma imejaa wafalme watupu

#1 Mleta uzi
Habari za jioni wakuu. Nasoma historia, mwaka wa pili. Nina insha ya namna Ukristo ulivyobadilisha maisha Ulaya magharibi baada ya dola ya Roma kuanguka. Nimeanza na 476, jemadari Odoacer alipomng'oa Romulus Augustulus, kaizari wa mwisho wa Roma ya magharibi, nikaja kwa Clovis, mfalme wa Wafranki (kabila lililotawala Ufaransa ya leo), kubatizwa na askofu Remigius, nikafunga na Charlemagne, mfalme wao wa baadaye, kutawazwa kaizari 800. Mwalimu kairudisha rasimu, pembeni kaandika kwa wino mwekundu: "Watu wako wapi?" Wiki nzima sijaandika mstari. Mkulima wa zama zile hakuacha maandishi, nitampata wapi?

#2
Pole mkuu. Ulaya nzima itakumeza, kaa Kent, ufalme mdogo wa kusini-mashariki mwa Uingereza. Mmonaki Augustine alifika huko 597, katumwa na Papa Gregory, akamkuta mfalme Æthelberht tayari ana mke Mkristo, Bertha, binti wa kifalme wa Wafranki. Dini ilishaingia nyumbani kupitia kwa mke.
Kisha tafuta barua ya Gregory ya 601 kwa Mellitus, mmisionari aliyekuwa njiani kwenda Uingereza. Anaagiza mahekalu yasibomolewe: sanamu zivunjwe, maji ya baraka yanyunyizwe, altare zijengwe humo humo. Na ng'ombe waliozoea kuchinjiwa miungu? Waendelee kuchinjwa siku za sikukuu, watu wajenge vibanda vya matawi kuzunguka kanisa, wale na kumshukuru Mungu. Apandaye juu, asema, hupanda hatua kwa hatua, haruki. Watu wako ndio hao, wako vibandani wanakula nyama.

#3
Usimsahau Rædwald, mfalme wa East Anglia, mashariki mwa Uingereza. Alibatizwa Kent, kurudi kwao mkewe na washauri wakamgeuza. Bede, mtawa mwanahistoria wa karne ya nane, anasimulia kwamba hekalu lake lilikuwa na altare ya Kristo, na kando yake nyingine ndogo ya kafara za zamani. Tafadhali usimwite mnafiki haraka. Mimi namwona mtu aliyeogopa kuwaudhi waliowalinda babu zake.

#4
Mnapamba sana, ndugu zangu. Kwa Wasaksoni wa bara (kaskazini mwa Ujerumani ya leo) hakukuwa na nyama ya sikukuu, kulikuwa na upanga. Kumbukumbu za Wafranki zinataja watu 4,500 waliouawa kwa amri ya Charlemagne huko Verden 782. Ikafuata sheria ya Charlemagne: anayejificha kukwepa ubatizo, auawe. Juu yake zaka. Alcuin, msomi wa karibu wa mfalme, alipinga mwenyewe kwa barua mwaka 796, kwamba zaka imeivuruga imani ya Wasaksoni na kwamba mtu huvutwa kuamini, halazimishwi. Mkulima wako yuko kwenye zaka hiyo.

#1 Mleta uzi
Wakuu, Mungu awabariki. Clovis namtoa leo leo. Nitaweka Kent na Saksoni ubavuni: njia mbili za kumbatiza mkulima. Mkuu #4, zaka ilimgusa nani hasa?

#4
Wote, mkubwa na mdogo: sehemu ya kumi ya mali na ya kazi ya mikono yao.