Tupeane uzoefu: gari la zamani la spoti likipunguzwa uzito na kufufuliwa, bado ni lenyewe?

Mwana Shangani (mwanzisha mada):

Wakuu, habari za jioni. Tangu juzi akili yangu iko kwenye gari moja tu. Kuna watu wako California wanaitwa Singer, walianza mwaka 2009 chini ya Rob Dickinson. Wanachukua Porsche 911 toleo la 964, zile za 1989 hadi 1994, wanaivua mpaka bodi tupu, kisha wanaijenga upya. Ukiitazama utaapa ni 911 ya miaka ya sabini, kumbe paneli zake ni nyuzi za kaboni. Kuna toleo walilolifanya na Williams, wale wa Formula 1, linaitwa DLS. Injini ni ileile ya silinda sita inayopozwa kwa hewa, ila imepanuliwa hadi lita 4 na inatoa nguvu farasi 500. Gari zima limeshuka hadi kilo 990 hivi, wakati 964 ya kawaida ilitoka kiwandani na kilo 1,350 na ushee. Hesabu mwenyewe: ni kama wameshusha abiria watano.

Nikaituma kwenye kundi letu la wapenda magari wa Mtwara na Lindi, moto ukawaka. Wapo wanaosema hii ndiyo 911 tuliyokuwa tunaisubiri. Wapo wanaosema wameua gari la watu. Mimi msimamo wangu ni huu: gari la spoti ni wepesi kwanza, nguvu baadaye. Porsche wenyewe mwaka 1973 walitoa Carrera RS 2.7, bati jembamba, vioo vyembamba, viti vya nyuma hakuna, toleo jepesi likawa chini ya kilo 1,000. Alfa Romeo 1965 walitoa Giulia GTA, na ile A ya mwisho inasimamia neno la Kiitaliano la "iliyopunguzwa uzito". Bodi aluminiamu, kilo 745 hivi. Lotus Elan ya 1962 bodi yake ilikuwa faiba. Kwa hiyo anayesema kupunguza uzito ni kuharibu asili, namwomba aanze kugombana na hao kwanza.

Porsche huku kwetu hatuna, lakini magari ya zamani tunayo na tumeyakata na kuyachomea sana. Tupeane uzoefu: ulitoa nini, uliweka nini, na barabarani gari lilikujibu nini? Naanza na langu.

Nina Toyota Celica ya 1974. Ilikaa Mikindani kwa baba mdogo chini ya mkorosho miaka kumi na moja. Majani yalijaa kwenye ule mfereji ulio chini ya kioo cha mbele, yakashika maji, chumvi ya bahari ikamalizia. Boneti ilikuwa imeoza pembeni kote na nyingine sikuipata popote. Siku moja niko ufukweni natazama jamaa anaziba boti ya faiba, nikamuuliza kama anaweza kunitengenezea boneti. Akaniambia niilete aione.

Tuliijaza ile ya zamani sehemu zilizooza, tukailainisha kwa msasa, akaipaka nta mara nne ili tutoe umbo lake. Kosa tulilofanya ni kuanza kazi mchana. Rezini, ile gundi ya faiba, ikiwa na hadina (dawa ya kuigandisha) kwenye ndoo ilianza kuchemka kabla hata hajatandika mkeka wa pili wa faiba. Ndoo ikawa ya moto haishikiki, rezini ikageuka jiwe na moshi juu. Hasara. Tukarudi saa kumi na moja alfajiri, hewa bado ya baridi, hadina tukapunguza, kazi ikatulia. Tulipomaliza tukaibeba hadi kwenye ghala la korosho, mzee wa mizani akakubali kutupimia. Ya bati kilo 17 na nusu. Ya faiba kilo 7. Nilisimama pale naangalia ule mshale, furaha niliyoipata siwezi kuieleza.

Barabarani sasa. Natoka Mikindani kuelekea Mnazi Mmoja ya Lindi, nilipofika spidi 90 boneti ikaanza kutetemeka kama ngozi ya ngoma. Fundi boti akaibandikia mbavu kwa chini, zilezile anazoweka kwenye boti, nikaongeza pini mbili za kuibana mbele. Springi za bawaba nazo nilizitoa, maana zilikusudiwa kunyanyua bati zito, hii zilikuwa zinaipinda. Sasa naiinua kwa mkono na kuitegemeza kwa kijiti. Gari limekuwa jepesi puani, nauhisi wepesi huo kwenye usukani kila ninapoingia kona ya kushukia Mikindani. Na gari bado ni Celica.

Fundi Bodi Masasi:

Mkuu umefanya kazi nzuri, na umechagua mahali sahihi pa kupunguza. Boneti, buti, milango ya nje, hivyo ni nguo. Tatizo ni wanaokata mifupa.

Nililetewa gari la milango miwili, mwenyewe kalipeleka kwa fundi fulani akamwambia wapunguze uzito. Yule fundi kakata ukuta wa bati ulio nyuma ya kiti cha nyuma, kakata na vipande vya ndani vya kizingiti chini ya mlango, eti havionekani. Kweli gari likawa jepesi. Jamaa akapandisha nalo mlima wa Newala, zile kona unazijua. Alipofika juu akafungua mlango kushuka, mlango ukagoma kufunga. Ulikuwa umeshuka karibu upana wa kidole. Bodi imejikunja.

Magari haya hayana chesisi inayojitegemea kama Land Rover. Bodi ndiyo chesisi. Kila bati lililokunjwa na kuchomelewa pale kiwandani limebeba kitu. Nilikaa na gari lile wiki sita, nililifunga kwa vyuma vya pembetatu ndani ili lisiendelee kupinda, nikalirudisha kidogo kidogo kwa jeki huku napima mwanya wa mlango kila asubuhi kabla ya jua. Bati likipata joto vipimo vinadanganya.

Hao Singer wanapoweka kaboni wanavua ngozi ya nje, na bodi ya chuma ya ndani wanaiimarisha. Watu wanaona wepesi tu, hawaoni kilichoongezwa.

Pikapu ya Tandahimba:

Mimi Datsun 1200 pikapu. Nilitoa majani mawili ya springi nyuma kwa sababu sibebi tena magunia, natembelea tu. Ikiwa tupu ilikuwa inaruka kama mbuzi, sasa inakaa chini. Ila mvua ikinyesha kwenye udongo mwekundu, tairi za nyuma zinazunguka bila kushika. Narudisha gunia la mchanga nyuma, msimu ukiisha nalitoa. Ndiyo hivyo, uzito nao una kazi yake.

Binti wa Nachingwea:

Nawasalimu wote. Nitakuwa tofauti kidogo na mnisamehe.

Nina Peugeot 504 ya marehemu baba. Najua si gari la spoti, lakini kaka yake 404 ilishinda mbio za magari za Safari Rally 1963, 1966, 1967 na 1968, na 504 ikashinda 1975 na 1978, kwa hiyo msinifukuze kwenye mada. Baba aliitunza na mimi sijabadilisha kitu. Kabureta ileile, gia ileile ya kwenye usukani. Usukani wenyewe una ufa upande wa kulia, pale gumba lake lilipokuwa linakaa, na mimi gumba langu linakaa palepale. Fundi mmoja aliniambia niweke usukani wa kisasa, mdogo, mwepesi. Nilimshukuru nikaondoka.

Hoja yangu kwa Mwana Shangani ni hii. Carrera RS ilizaliwa nyepesi. GTA ilizaliwa nyepesi. Hazikuwa kitu kingine halafu zikageuzwa. Lakini hizo 964 wanazozivua ni magari kamili, na nayo yameshakuwa ya zamani. Kila wanapomaliza moja, duniani 964 imepungua moja, na inavalishwa sura ya gari lililoitangulia. Mimi hilo linaniuma. Wewe boneti yako ilikuwa imeoza na nyingine haipatikani, hapo nakuelewa. Lakini ingekuwa nzima, ungeitoa?

Mwana Shangani:

Dada yangu, umeniuliza swali ambalo limenikalisha usiku wa jana. Kusema kweli isingekuwa imeoza nisingeitoa. Ningeiacha. Na sasa nimeshaendesha zote mbili najua ya faiba ni bora kwenye kona, lakini ningeiacha. Hata ya zamani sijaitupa, iko ukutani sebuleni.

Ila kuhusu 964, Porsche walizitengeneza kwa maelfu mengi, na hizo DLS ni 75 tu. Za kawaida za kuwatosha wapenzi wake zitabaki.

Mzee wa Nangurukuru:

Vijana, hamjambo. Nimesoma yote.

Mimi nimeendesha barabara hii ya Dar hadi Lindi kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003, enzi za kivuko cha Ndundu, mto Rufiji. Na Safari nilikuwa naifuatilia redioni. Datsun 240Z ilishinda 1971, Herrmann na Schüller, na 1973 240Z ikashinda tena ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Tulikuwa tunazitaja dukani kama mnavyotaja wachezaji wa Simba na Yanga. Mnachosahau ni kwamba zile za mashindano hazikuwa nyepesi kuliko za dukani. Waliziongezea vyuma chini, walinda tanki, walinda gia boksi, matairi ya akiba, taa, kwa sababu barabara zetu zilikuwa zinavunja kila kilicho chembamba. Gari lilikuwa linajengwa kwa ajili ya barabara yake.

Sasa lami ipo, na mimi ningefurahi kuiona Celica ya huyu kijana ikipita. Asingepita hapa Nangurukuru mwaka 1985 na boneti ile.

Mwana Shangani:

Shikamoo mzee wangu. Nimelipokea. Nikija Kilwa lazima nisimame.

KE70 Lindi:

Wakuu mimi ni wa injini. Corolla KE70 ya 1981, inasukumwa na tairi za nyuma. Injini yake ya 4K ilikuwa imechoka, nikaweka injini ya 4A-GE ya valvu 20 kutoka kwenye AE111, Corolla ya baadaye. Nawaambia kabla hamjafurahi: ile injini kwenye AE111 imelazwa upande na inavuta kwa tairi za mbele. Ukiigeuza ikae kwa urefu, distributa (kifaa cha kugawia plagi umeme) inakuwa nyuma ya silinda hedi na inagonga ukuta wa bati kati ya injini na dereva. Kuna wanaopiga ukuta nyundo mpaka upate shimo. Mimi nilikataa, gari la miaka hiyo ukilibonda pale hulirudishi. Nikaweka mfumo wa kuwasha usiotumia distributa, koili zinakaa peke yake. Gia boksi lazima utafute ile inayoitwa T50, iliyotoka kwenye AE86, Corolla nyingine ya tairi za nyuma. Kuipata ilinichukua mwaka na nusu.

Siku ya kwanza nimeliwasha natoka Lindi kuelekea Mchinga, bahari kulia, nikakanyaga. Lile gari ni kilo mia nane na kitu. Sijawahi kuhisi kitu kile. Halafu mbuzi wakavuka. Breki zilikuwa bado zile za 1981, nilikanyaga kwa miguu miwili, gari likasimama limekaa kimshazari na mbuzi mmoja ananitazama kwenye taa ya kushoto. Nilizima injini nikakaa kimya dakika nzima. Nikalirudisha gereji kwa spidi 40 na sikulitoa tena mpaka nilipoweka diski kubwa mbele na kubadilisha mabomba yote ya breki.

Kwa hiyo mnaotaka kufufua, anzeni na breki, injini iwe ya mwisho. Na namba ya injini ibadilisheni kwenye kadi ya gari mapema, msisubiri kusimamishwa.

Fundi Bodi Masasi:

KE70, hilo la breki ungeliandika kwa herufi kubwa. Nakuunga mkono.

Kijana wa Ligula:

Mimi gari sina bado, najifunza. Ila hiyo DLS nimesoma inazidi dola milioni moja. Boneti ya Mwana Shangani imetengenezwa na fundi boti wa hapa Mikindani. Kwangu mimi hiyo ya pili ndiyo imenifanya niamini kwamba nami naweza kuanza. Naomba ruhusa nije nijifunze, hata kazi ya kushika ndoo nitaifanya.

Mwana Shangani:

Karibu sana kaka. Njoo na nguo za mikono mirefu, faiba inawasha vibaya mno ukiisugua msasa, na kitambaa cha kuziba pua usisahau.

Binti wa Nachingwea:

Mwana Shangani, narudi tena. Nimekaa na swali moja tangu nisome habari za fundi boti wako na sikutaka kuliuliza.

Bati la madigadi la mbele kushoto la 504 limeoza kwa ndani, juu ya taa. Ukibonyeza kwa kidole bati linakatika kama biskuti. Nimetafuta Dar, nimetafuta Arusha, nimeletewa mawili, yote yameoza kuliko langu. Mvua za mwaka huu zikipita juu yake sitakuwa na umbo la kunakili tena. Je, huyo fundi anaweza kutoa umbo lake sasa, kabla halijaisha? La bati ningelihifadhi, nisilitupe. Na rangi ingepigwa ileile, nina kopo la baba lenye namba.

Mwana Shangani:

Anaweza dada. Nimetoka kuongea naye. Anasema usilijaze filla kabla hajaliona, ulifungue lilivyo na boliti zake zote, ulete na la kulia ili alipime dhidi ya lenzake. Leteni Jumamosi mlale Mikindani kwa baba mdogo, Jumapili saa kumi na moja alfajiri tuwe ufukweni kabla jua halijatoka.